Kuchagua kifaa cha koringi: gogo moja, mabakuli matatu, na mashine uliyonayo

Wakuu, kuna kitu kinaniuma kila nikimwona mtu anakereza bakuli kubwa kwa mara ya kwanza. Anachukua kipande kizuri cha mti mbichi, kilo kumi na kitu, anaanza kuchimba katikati, saa nzima maranda yanaruka mpaka dirishani, na mwisho ana bakuli moja na mifuko miwili ya maranda ya kuwatandikia kuku. Ile mbao ya katikati ndo ilikuwa nzuri kuliko zote. Na mimi nimeifanya hiyo kazi miaka kadhaa kabla sijanunua kifaa cha koringi, kwa hiyo naandika hapa kwa mtu ambaye yuko pale nilipokuwa, ana mashine yake ya kukerezea, anataka kuanza kutoa viini, na hajui anunue kipi.

Koringi ni nini? Fikiria seti ya sufuria, kubwa inameza ya kati, ya kati inameza ndogo. Sasa badala ya kuchimba bakuli kwa kulisaga lote la ndani, unaingiza kisu kilichopinda, kinazunguka chini kwa chini kama mwezi mchanga mpaka kikaribie katikati, halafu kiini kinatoka kizima. Hicho kiini ni bakuli jingine. Ndani yake kuna jingine tena. Hiyo ndo habari yote, ila kifaa cha kufanya hivyo ni mamia ya dola, na ukikosea kuchagua kinakaa kwenye shelfu.

Mimi nipo Minnesota, nakerezea kwenye gereji, na mifano yangu mingi ni ya huku. Nitagusa na ya nyumbani pale inapohusu.

Hatua ya kwanza: pima mashine yako, usipime kifaa

Watu wengi wanaanza na video, wanaona mtu anatoa viini vinne kwenye gogo la walnati, wanaagiza kifaa kilekile. Yule mtu ana mashine ya kilo mia tatu iliyofungwa kwenye zege. Wewe una nini?

Chukua futi kamba uandike vitu vinne. Kwanza, toka katikati ya spindo, ule mhimili unaozungusha mbao, mpaka juu ya reli, zidisha mara mbili, hiyo ndo swingi, yaani upana mkubwa kabisa unaoweza kuzunguka bila kugonga reli. Pili, hospawa za mota, yaani nguvu yake. Kwa viini vidogo mota ya hospawa 1 inakwenda kwa subira, ila ukitaka mabakuli ya inchi 12 na zaidi tafuta 1.5 mpaka 2, na mkanda uuweke kwenye puli ya mwendo wa chini ili upate nguvu na sio kasi. Tatu, kipenyo cha shimo la banjo, kile kishikilio kinachobeba egemeo la patasi. Nne, telistoki yako, ule upande unaosogea, tundu lake ni MT2 (Morse taper namba 2, tundu linalopungua kuelekea ndani) au saizi nyingine?

Hiyo namba tatu naomba usiipuuze. Kifaa changu cha kwanza nilinunua mtumba, muuzaji akaniambia kinaingia mashine yoyote, nikalipa, nikafika nyumbani nguzo yake nene kuliko shimo la banjo langu. Haichongeki hiyo, ni chuma kigumu. Ilibidi nimtafute fundi wa chuma anitengenezee nguzo nyingine nyembamba na pesa niliyookoa kwenye mtumba ikaishia hapo. Milimita chache tu zilinigharimu wiki tatu.

Kwa aliyeko Dar, Arusha au Mombasa anayefikiria kuletewa mashine kutoka Marekani, kumbuka mota za huku nyingi ni volti 120 na hezi 60, nyumbani ni 230 au 240 na hezi 50. Kifaa chenyewe cha koringi hakina umeme kwa hiyo hakina shida hiyo, lakini nguzo zake mara nyingi zimepimwa kwa inchi, na banjo ya mashine iliyotoka China au Ulaya inaweza kuwa na shimo la milimita. Pima, piga picha futi ikiwa imewekwa juu ya shimo, ndo uagize.

Hatua ya pili: angalia magogo unayopata kweli

Sio unayoota kuyapata. Yale yanayokuja.

Mimi hapa napata sana mepo laini na bokselda yenye michirizi myekundu, upepo ukipiga kila mtaa unaangusha miti. Mti wa ashi pia umejaa kwa sababu ya yule mdudu wa kijani anayetoboa chini ya gome, aligunduliwa Saint Paul mwaka 2009 na tangu hapo miji inakata maelfu ya ashi. Mbao yake ni nzuri mno kwa mabakuli, ila kuna sheria ya kutosafirisha ashi ovyo toka kaunti moja kwenda nyingine ili mdudu asisambae, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujapakia kwenye gari.

Sasa nikuonyeshe hesabu, maana hapa ndo uamuzi ulipo. Bakuli bichi linaachwa nene ili likikauka lipinde bila kupasuka, na kipimo tunachotumia wengi ni sehemu moja ya kumi ya upana. Upana sentimita 35, ukuta sentimita 3.5. Njia ya kisu chukulia inakula sentimita 1. Kwa hiyo toka 35 unatoa 4.5 kila upande, kiini kinabaki 26. Kiini cha 26 kinaacha ukuta wa 2.6 na njia ya 1, kinachobaki ni karibu 19. Tatu hizo: 35, 26, 19. Inapendeza.

Lakini hiyo ni upana. Rudia hesabu kwa kina. Gogo lina kina cha sentimita 15 bila kuhesabu ulimi wa kushikia, kile kisigino cha mbao chini ya bakuli kinachobanwa kwenye mashine. Toa kitako 3.5 na njia 1, kiini kina urefu wa 10.5, na humo lazima ukate ulimi wa sentimita 1 kwa hiyo bakuli la pili lina kina cha 9.5. Toa tena 2.6 na 1, toa ulimi, bakuli la tatu linabaki na kina cha karibu 5. Yaani 19 kwa 5, kibakuli cha karanga. Na kama gogo lako lilikuwa na kina cha 11 tu? La pili linapata 5.5 na la tatu halipo kabisa, ungeishia kutoboa kitako. Kina kinaisha kabla ya upana, siku zote. Na kumbuka gogo ukilipasua katikati lazima utoe ule moyo wa mti maana ndo unaoanzisha nyufa, kwa hiyo kina kinapungua tena.

Kama miti unayopata ni ya kipenyo cha sentimita 25 kushuka chini, sikushauri ununue kifaa cha koringi sasa hivi. Utapata kiini kimoja kidogo kwa kazi kubwa. Nunua patasi nzuri ya bakuli na mashine ya kunolea.

Nyumbani mti ambao naufikiria kila siku ni mwembe. Unapatikana, unakua mnene, mbao yake ina michirizi, na mwembe uliozeeka shambani mara nyingi unakatwa kuni. Utomvu wake unawasha ngozi za baadhi ya watu kwa hiyo anza kidogo uone mwili wako unasemaje. Mjakaranda nao ni mlaini na mwepesi. Mpingo sahau kwa kazi hii, mti wenyewe haunenepi, shina mara nyingi lina mikunjo na mashimo, na ugumu wake utamaliza makali ya kisu kabla hujafika popote. Mpingo una kazi zake nyingine za heshima.

Hatua ya tatu: vifaa vitatu, na kipi cha nani

Vipo vingine lakini hivi vitatu ndo nimevishika kwa mkono.

*Woodcut Bowlsaver*, kinatoka New Zealand. Kinakaa kwenye banjo na wakati huohuo kinashikwa na telistoki, kwa hiyo kimebanwa sehemu mbili. Kisu kimefungwa kwenye pivoti, yaani nukta kinapozungukia, wewe unasukuma mpini na kinazunguka kwenye duara lake, hakina pa kupotelea. Upo MAX3 wa mashine ndogo na za kati, na MAX4 wa mashine kubwa. Kama mashine yako ni ya saizi ya kati na hujawahi kutoa kiini maishani, mi ningekwambia anzia hapa. Udhaifu wake ni kwamba duara ni lilelile, kila kiini kina umbo la kipande cha mpira, ukipenda bakuli lenye kitako kipana au lililofunguka kama ua itabidi umbo ulitafute baadaye kwa patasi, na mbao ya kulitafutia unayo kidogo.

*McNaughton Center Saver*, nacho cha New Zealand. Hiki ni tofauti kabisa. Kuna geti dogo lenye pini linalokaa kwenye banjo, na visu vyembamba vilivyopinda viwango mbalimbali vinapita katikati ya zile pini, na wewe unaongoza kwa mpini mrefu. Hakuna pivoti. Kinakwenda unakokielekeza. Kuna seti za visu vidogo, vya kati, na vikubwa. Uhuru wake sijauona kwingine, unaweza kutoa kiini cha chini kama sahani, unaweza kufuata umbo la bakuli ulilolichonga nje, unaweza kwenda na kisu kilichonyooka ukatoa kiini chenye ncha kama pia ya kuchezea watoto. Na njia yake ni nyembamba, mbao nyingi inabaki. Ila kinataka mkono. Ukiingia pembe vibaya kwa kiasi kidogo tu pale mdomoni, kule chini kosa limeshakuwa sentimita mbili, na utajua umetoboa kitako pale mwanga unapopita. Mimi viini vyangu sita vya kwanza, viwili viliharibu bakuli la nje.

*Oneway Easy-Core*, cha Kanada. Hiki ni cha mashine nzito. Kisu kinene kinazunguka kwenye pivoti, na chini yake kuna kidole cha chuma kinachokisindikiza na kukibeba karibu na ncha, kwa hiyo hata ukiwa umeingia ndani kabisa kisu hakitetemeki. Visu viko vinne na unaweza kununua kimoja kimoja, vinatoa viini vya kuanzia kama inchi 9 mpaka 16. Msingi wake unaagizwa kulingana na swingi ya mashine yako, ndo maana nilisema pima kwanza. Kwa mtu anayefanya biashara, anayetoa viini kumi kwa siku, hiki hakichoshi. Kwa mtu wa mashine ya kuwekwa mezani hakimfai, kitakuwa kizito kuliko kinachokibeba.

Mimi ninacho McNaughton. Nilikichagua kwa sababu napenda mabakuli ya kingo za gome na maumbo yaliyofunguka, na kwa sababu nilikuwa tayari kuharibu magogo ya bure nikijifunza. Kama magogo ningekuwa nanunua, ningechukua Woodcut. Jiulize hilo swali kwa ukweli, gogo lako linakugharimu nini likiharibika?

Hatua ya nne: jaribu kwa mikono yako kabla ya kulipa

Kwa walioko Marekani hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chama cha wakerezaji, American Association of Woodturners, kilianza 1986, makao yake yapo hapahapa Saint Paul, na kina matawi majimbo mengi. Nenda kwenye mkutano wa tawi, sema unataka kuona koringi, wazee wa kule watagombania kukuonyesha. Usione haya kuwa mweusi peke yako ndani ya chumba au kwamba Kiingereza chako kina lafudhi, mbao ni mbao, mtu akiona unajua kushika patasi maongezi yanaanza yenyewe. Na kukereza sio kitu cha kuazima kwetu, miguu ya vitanda vya Lamu na Zanzibar ilikuwa inakerezwa zamani za kale.

Ukipewa nafasi ya kujaribu angalia mambo mawili tu. Je kisu kinarudi nje kirahisi? Maana kazi nzima ya koringi ni kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, ili maranda yatoke kwenye mfereji, yakijaa yanabana kisu na mashine inasimama ghafla. Na je, ukisimama pembeni, sio mbele ya mbao, mkono unafika vizuri kwenye mpini? Mimi ni mfupi, kwenye Oneway ya jirani yangu ilibidi nisimame juu ya ubao.

Hatua ya tano: bajeti ya vitu ambavyo haviko kwenye boksi

Kifaa kinasukuma mbao kwa nguvu kubwa na mbali na mahali ilipobanwa. Kile kinachoshikilia gogo ndo roho yako. Ile chaki ya kubania yenye meno ya milimita 50 iliyokuja na mashine haitoshi kwa gogo la sentimita 35. Nunua meno makubwa ya milimita 100 au zaidi, au tumia fesipleti, sahani nene ya chuma inayofungwa kwenye mbao kwa skrubu. Ulimi uwe kama theluthi ya upana wa gogo kwenda juu kidogo, na usiwe mrefu mpaka unagusa ndani kabisa ya chaki, yale mabega ya mbao ndo yanatakiwa yakae juu ya meno, hapo ndo nguvu inapopatikana. Ukitumia fesipleti usifunge skrubu za jipsam, ni ngumu lakini zinakatika kama biskuti, tumia skrubu nene za bati.

Nasema hivi kwa sababu gogo la ashi liliwahi kunitoka kwenye chaki. Ulimi nilikuwa nimeuacha mdogo kwa kuogopa kupoteza kina, sentimita mbili za kina. Kisu kiling'ata, ulimi ukakatika, gogo likapita pale ambapo ningekuwa nimesimama kama ningekuwa mbele yake na likaingia kwenye mlango wa gereji. Alama bado ipo. Ngao ya uso nzima, sio miwani tu, iweke kwenye bajeti ileile ya kifaa, na glavu usivae kabisa.

Hatua ya sita: kiini cha kwanza

Kifaa kimefika. Usianze na gogo zuri. Chukua bichi, laini, lisilo na fundo, lenye upana wa kama sentimita 28, chonga nje umbo zima na ulimi, sawazisha uso wa mbele.

Anza na kiini kidogo cha ndani, halafu kinachofuata, kikubwa cha mwisho. Wengi wanageuza hili. Ukitoa kikubwa kwanza kinatoka bila ulimi na inabidi ukifunge upya ndo utoe cha ndani yake, lakini ukianza na kidogo gogo linabaki palepale kwenye chaki mpaka mwisho.

Mwendo uwe kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika. Ncha ya kisu iwe usawa wa katikati au juu kidogo, maana ikishaingia ndani inalemewa na kushuka. Sukuma kwa kiuno, sio kwa bega, taratibu, rudi nyuma, acha maranda yatoke, ingia tena. Sikiliza. Mwanzoni mlio ni mpana, kama mtu anakuna nazi. Kadiri unavyokaribia katikati unakuwa mwembamba na wa haraka, maranda yanakuwa mafupi, na utasikia kama kitu kinalegea. Zima mashine. Subiri isimame kabisa. Ingiza kiganja kwenye uso wa kiini utikise, kama kimebaki na shina la unene wa dole gumba kitakatika kwa sauti kama ya kuni mbichi, krak, na kitakaa mkononi mwako kikiwa na unyevu na joto kidogo. Usikimbilie kukata mpaka mwisho kabisa wakati mashine inazunguka, kiini kikitoka kinaruka humo ndani na kuharibu kuta.

Kukipa ulimi, kigeuze, uso bapa uelekee chaki, kibane na telistoki kwenye lile shina lililokatika, kata ulimi taratibu. Halafu paka nta kwenye sehemu za mbao zinazoonyesha ncha za nyuzi maana huko maji yanakimbia haraka, ingiza kwenye mfuko wa karatasi, weka mahali pasipo na upepo wala jua. Chini ya kitako andika kwa penseli aina ya mti, tarehe, na uzito uliopimwa kwenye mizani ya jikoni. Kila mwezi pima tena uandike pembeni. Uzito ukikaa palepale miezi miwili mfululizo limekauka, litakuwa limepinda limekuwa yai, na hapo ndo unalirudisha kwenye mashine kulimalizia.